Mjusi Mwepesi wa Tendaguru

Nchi yetu ya Usukuma haina mifupa ya dinosaria, wala haitakuwa nayo. Majabali ya matale yanayosimama huku na huko kati ya Shinyanga na Mwanza kama mafiga ya majitu, ambayo pimbi huota jua juu yake kila asubuhi, ni mawe yaliyopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Miamba inayobeba dhahabu kule Geita na Kahama ni mikongwe zaidi, karibu miaka bilioni 2.7. Wakati huo duniani hapakuwa na mnyama, ndege, samaki wala jani. Palikuwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, basi. Mchimbaji mdogo akiteremsha duara lake hadi achoke, hatakutana na mfupa wa mjusi. Mwadui nako hali ni hiyo hiyo, ila kwa sababu iliyo kinyume. Lile bomba la mwamba lililoleta almasi juu, ambalo John Williamson aliligundua mwaka 1940, lililipuka kutoka chini yapata miaka milioni 50 na kitu iliyopita, na dinosaria walikuwa wamekwisha kutoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mawe yetu ama yaliwahi mno ama yalichelewa.

Nayataja haya mapema kwa sababu swali lenyewe limenifuata muda mrefu. Katika miaka niliyofundisha walimu hapa Shinyanga, kila kundi jipya la wanachuo lilikuwa na mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, mbona Lindi wana mjusi na sisi tuna madini tu?" Wenzake hucheka, kisha nao hungoja jibu. Jibu fupi ni hilo la umri wa mawe. Jibu refu linamtaka mtu asafiri kwa mawazo hadi Lindi, kisha Berlin, na huko akutane na mnyama ambaye Watanzania wengi hawajapata kusikia jina lake.

Tunaposema "mjusi wa Tendaguru" sote humfikiria lile jitu lenye shingo kama ya twiga, linalosimama katika makumbusho ya Berlin kwa kimo cha mita 13.27. Huyo ndiye aliyezusha maswali Bungeni mara kwa mara, na huyo ndiye magazeti humchora. Neno mjusi limetokana na maana ya neno la Kigiriki lililomo ndani ya jina dinosaria, nalo linapotosha kidogo, maana dinosaria hawakuwa mijusi. Ndugu zao wa karibu kabisa walio hai ni ndege, na baada ya ndege ni mamba. Lakini neno limekwisha zoeleka, nami sitagombana nalo. Katika makumbusho hayo hayo ipo mifupa ya mnyama mwingine, mwembamba, ambaye mgeni anaweza kumpita akidhani ni mbuni mwenye mkia. Jina lake la kitaalamu ni Elaphrosaurus bambergi. Elaphros kwa Kigiriki ni kitu chepesi. Basi ni mjusi mwepesi. Makala haya ni yake.

Tendaguru ni kilima kilicho umbali wa kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Miamba yake ni ya mwisho wa zama za Jurasiki, karibu miaka milioni 150 iliyopita, wakati pwani ile ilipokuwa na mito iliyomwaga maji katika bahari ya kina kifupi. Ndiyo maana tabaka zenye mifupa hupokezana na tabaka zenye makombe ya baharini. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Bernhard Sattler, mhandisi wa kampuni ya kutafuta madini, aliona mfupa mkubwa umetokeza juu ya ardhi karibu na njia ya miguu. Msomaji wa Geita ataielewa hali hiyo: mtu ametoka kutafuta mawe ya thamani, macho yake yako chini, mara anakutana na kitu asichokitarajia. Habari zilifika kwa wataalamu. Mwaka 1907 alifika Eberhard Fraas kutoka Stuttgart, na kuanzia mwaka 1909 makumbusho ya Berlin yalileta msafara kamili ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Kazi iliendelea hadi mwaka 1913.

Tarehe hizo zataka kutazamwa vizuri. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaka katika nchi hiyo hiyo ya kusini kuanzia mwaka 1905 hadi 1907, na nyuma yake ilikuja njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa moto kwa makusudi. Miaka miwili baadaye wanatafutwa watu wa kuchimba mifupa kwa ujira. Hesabu ya vibarua ilianza chini ya 200, ikapanda mpaka yapata 500, na wengi walikuja na wake na watoto, hata pale kilimani pakawa kijiji. Wao ndio waliochimba mashimo, waliosafisha mifupa, walioifunga kwa plasta na udongo na kuitia katika vifungashio vya mianzi. Kisha ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Jumla ya mzigo uliopelekwa Ujerumani ulizidi tani 200. Katika orodha za mishahara walikuwa na majina. Katika vitabu vya sayansi wengi hawakuwa nayo. Mmoja tu ndiye aliyejulikana sana, msimamizi mkuu wa vibarua na fundi mkuu wa kuitayarisha mifupa, Boheti bin Amrani. Nitamrudia.

Mjusi mwepesi alitoka katika shimo mojawapo la msafara huo, nalo shimo walilitambua kwa herufi mbili tu, dd. Hakuwa mzima. Palikuwa na pingili za shingo na mgongo, pingili za kiuno, sehemu kubwa ya mkia, nyonga, mguu mmoja wa nyuma uliokaribia kuwa kamili, na mifupa michache ya mkono. Kichwa hakikupatikana. Hicho kinachoonekana Berlin ni cha kutengenezwa, mafundi wamekikisia. Janensch alimpa jina mwaka 1920, akamweleza kwa kirefu mwaka 1925, na mwaka uliofuata mifupa ikasimamishwa ukumbini.

Sasa tumtazame alivyo. Urefu wake, pua hadi ncha ya mkia, wakadiriwa kuwa mita 6 na kidogo, lakini kimo chake kiunoni ni mita 1.46 tu, na uzito wake yasemekana ulikuwa kilo 200 hivi. Ng'ombe dume wetu wa kawaida wa Kisukuma ana uzito unaozidi huo. Mfupa wa paja una urefu wa milimita 520, na wa muundi milimita 608. Mwanafunzi wa elimuviumbe akiona tarakimu hizo mbili anapaswa kusimama. Mnyama aliyeumbwa kubeba mzigo ana paja refu na muundi mfupi, mtazame tembo. Mnyama aliyeumbwa kukimbia hurefusha sehemu ya chini ya mguu, na misuli mizito hubaki juu karibu na kiwiliwili, ili mguu urudi mbele upesi kama fimbo nyepesi mkononi. Mtazame swala. Mtazame mbuni, ambaye paja lake fupi limefichwa kabisa chini ya manyoya, hata watu wengi hulichukua goti lake kuwa halipo, na kifundo chake cha mguu wakakiita goti lililokunjamana kinyume. Mjusi wetu naye ana muundi mrefu, wayo mrefu, na vidole vitatu vya kukanyagia. Juu yake ana shingo ndefu nyembamba. Ni nani asiyemwona mbuni hapo?

Na kweli walimwona. Janensch mwenyewe alikuwa na hadhari. Alimweka katika kundi la dinosaria wadogo walao nyama, kundi ambalo siku hizo lilikuwa kama kapu la sokoni: kila kidogo na chembamba kilitupwa humo. Lakini mwaka 1928 Baron Franz Nopcsa wa Hungaria alimtoa kapuni akampeleka kwa ndugu wengine. Huko Marekani ya Kaskazini walikuwa wamepatikana dinosaria waliofanana na mbuni kwa namna ya kushangaza, wenye miguu mirefu, kichwa kidogo, na wengi wao mdomo usio na meno. Mmoja aliitwa Ornithomimus, yaani mwigaji wa ndege, mwaka 1890. Mwingine Struthiomimus, mwigaji wa mbuni, mwaka 1917. Nopcsa alitazama wembamba wa mifupa ya Tendaguru, hasa mfupa wa juu wa mkono ulionyooka bila kifundo kikubwa cha kushikia misuli, akasema huyu ni wa ukoo huo. Palikuwa na tatizo moja la wazi. Waigaji wa mbuni wa Marekani waliishi zama za Kretasia, mamilioni ya miaka baada ya mjusi wa Tendaguru. Watu walilipatia tatizo hilo jibu tamu: basi huyu wa Afrika ndiye babu yao. Mwaka 1982 Peter Galton alilitetea jambo hilo upya katika makala, na akataja pia mfupa wa mkono kutoka Marekani kuwa wa jamaa yake huyu. Kwa miaka mingi vitabu vya picha vya watoto, hata vile vichache vilivyopata kufika katika maktaba za vyuo vyetu, vilimchora mjusi mwepesi akitimua mbio kama mbuni, na maelezo chini ya picha: babu wa waigaji wa mbuni.

Wachimbaji wa Geita wana somo kuhusu jambo hili, na sikuwahi kuona mwalimu wa sayansi akilitumia vya kutosha. Katika mbale, yaani mawe yanayotarajiwa kuwa na dhahabu, huonekana mara nyingi vipande vya rangi ya manjano vinavyong'aa kuliko hata dhahabu yenyewe. Mgeni hufurahi. Mzoefu hachukui neno la rangi. Hukiweka kipande juu ya jiwe, akakigonga. Dhahabu hulainika na kutandazika; ile nyingine, ambayo ni chuma na salfa, huvunjika ikawa unga. Rangi zao zafanana, lakini ukizigonga unaona zilivyo ndani.

Wataalamu wa mifupa nao wana nyundo yao. Si kwamba huvunja kitu. Hutafuta alama ambazo hazitokani na kazi ya kiungo. Urefu wa muundi ni alama ya kazi: kila mkimbiaji, awe wa ukoo gani, atasukumwa na maisha yake kuurefusha. Kwa hiyo haumwambii mtu habari za ukoo. Lakini mashimo ya hewa ubavuni mwa pingili, mahali yalipo na idadi yake, namna mifupa ya nyonga ilivyoungana, upande ambao kichwa cha paja kimeelekea, vijipembe vidogo juu ya maungio ya shingo, haya ni mambo ambayo mbio hazikuyaagiza. Hurithiwa tu, kama vile mtu anavyorithi umbo la sikio la bibi yake pasipo faida yoyote.

Alama hizo zilipotazamwa, mjusi wa Tendaguru alianza kuhama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 baadhi ya wataalamu walisema hadharani kwamba yeye si mwigaji wa mbuni, ni wa kundi la seratosauri, tawi la zamani zaidi la dinosaria walao nyama, lililotengana na wengine mapema. Mwaka 2016 Oliver Rauhut wa Munich na Matthew Carrano wa Washington walichapisha uchunguzi mpya wa mfupa kwa mfupa. Wakamweka ndani ya seratosauri, katika jamaa ya noasauridi, na humo wakampa nyumba yenye jina lake mwenyewe. Mbuni akawa ameondoka kabisa katika habari hii, isipokuwa kama mfano wa kufanana.

Na hata kufanana kwenyewe kulipungua walipotazama vizuri. Kiwiliwili chake ni kirefu mno na kifua chake hakina kina. Kwa mnyama wa mita 6, miguu yake, ingawa ni ya mkimbiaji, ni mifupi. Shingo ni ndefu, lakini maungio yake ni membamba na hayana zile sehemu za kushikia misuli yenye nguvu, kwa hiyo haikujipinda kwa wepesi kama ile ya mbuni anayeinama kudonoa na kuinuka ghafla kuangalia adui. Shingo ya namna hiyo isingebeba kichwa kikubwa. Ndiyo maana hawadhani kwamba aliua wanyama wakubwa.

Hapa wanachuo wangu walikuwa wakinyanyua mikono wote kwa pamoja, maana habari ya undugu inawagusa watu popote. Niliwarudisha kwenye majabali ya nje. Pimbi yule aotaye jua, niliwaambia, ana umbo la sungura asiye na masikio, na mtu atakula kiapo kwamba ni jamaa ya panya. Ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo wa Serengeti na nguva wa baharini. Mtazameni meno, tazameni kucha za miguu. Popo ana mabawa na si ndege. Nyangumi ana mapezi na si samaki. Jambo hili halikubaliki kwa wepesi, nami sikupenda likubalike kwa wepesi. Mwanafunzi anayekubali upesi kwamba pimbi ni ndugu ya tembo amekubali tu kwa sababu mwalimu amesema.

Lakini lipo moja gumu zaidi la kumeza. Ndege wametokana na dinosaria walao nyama. Hilo sasa halina ubishi kati ya wataalamu. Tawi lililowazaa ndege lilikuwa na matawi ya jirani, na waigaji wa mbuni wa Marekani walikuwa miongoni mwake. Katika ujirani huo huo yumo pia Tyrannosaurus, lile dubwana la sinema lenye meno kama visu. Seratosauri walikuwa wamekwisha achana nao mbali zamani. Maana yake ni hii: mbuni wa mbugani kwetu yuko karibu zaidi kiukoo na Tyrannosaurus kuliko alivyo na mjusi mwepesi wa Tendaguru anayefanana naye miguu. Kuku wa jirani yako vivyo hivyo.

Ndugu wa kweli wa mjusi wetu amepatikana mbali sana, China, katika jimbo la Xinjiang. Anaitwa Limusaurus, mjusi wa matope, kwa kuwa mifupa ya wengi wao ilikutwa imerundikana katika mashimo ya tope walimonasa wakafa. Alitangazwa mwaka 2009. Ni mdogo, hafiki mita 2, na ana mikono mifupi kupindukia. Huyu, tofauti na wetu, alihifadhiwa na kichwa, na kichwa hicho kina mdomo kama wa ndege usio na jino hata moja. Mwaka 2017 yakaja mazito zaidi. Walilinganisha mifupa 19 ya umri mbalimbali wakakuta kwamba watoto wake walikuwa na meno, na kadiri walivyokua meno yaliwatoka, yasirudi. Tumboni mwa wakubwa walikuta vijiwe. Mama yeyote aliyepasua firigisi ya kuku anajua vijiwe hivyo ni vya nini: mnyama asiye na meno humeza mawe yamsagie chakula tumboni. Mtoto yawezekana alikula wadudu na nyama, mtu mzima akageukia majani na mbegu.

Je, wa Tendaguru naye alikuwa hivyo? Undugu wadokeza kwamba yawezekana, na shingo dhaifu haikatai. Kabla ya mwaka 2009 tungelazimika kumkisia kutokana na mbuni. Leo twamkisia kutokana na Limusaurus. Hilo ndilo jambo lililobadilika kwa kumhamisha ukoo, na si jambo dogo. Watu hufikiri uainishaji ni kazi ya makarani, kubandika vibandiko juu ya masanduku. Nimeusahihisha mitihani iliyoandikwa kwa fikra hiyo: orodha ya makundi imekaririwa bila kosa, na hakuna hata mstari mmoja wa kueleza kwa nini. Lakini ukiisha kusema fulani ni wa ukoo gani, umesema pia ni kichwa cha namna gani utarajie kukikuta siku kitakapochimbuliwa.

Kichwa hicho, kama kipo, kiko Lindi. Baada ya Wajerumani walikuja Waingereza, waliochimba kuanzia mwaka 1924 hadi 1931. Kiongozi wao wa kwanza, William Cutler, alikufa kwa malaria mwaka 1925, na kijana aliyekuja naye mwanzoni, Louis Leakey, alijulikana duniani baadaye kwa kazi za Olduvai. Kichwa cha mjusi mwepesi hakikutokea. Yote tunayoyajua juu ya mnyama huyu yameegemea kwa sehemu kubwa mifupa ya yule mmoja wa shimo dd. Na yule mmoja alikaa Berlin wakati mabomu ya mwaka 1945 yalipoanguka juu ya makumbusho na kubomoa upande mmoja wa jengo. Mjini Munich, mwaka mmoja kabla, mifupa ya Spinosaurus iliyotoka Misri ilikuwa imeteketea yote. Wa kwetu alinusurika. Wanaodai mifupa irudi nyumbani, nami naelewa uchungu wao, na wanaosema imetunzwa vyema huko huko, wote wawili wangefaa kuikumbuka bahati hiyo, kwa kuwa ilikuwa bahati.

Limebaki suala la majina. Mjusi mwepesi anaitwa bambergi kwa heshima ya Paul Bamberg, mwenye viwanda wa Berlin aliyechangia fedha za msafara. Lile jitu liliitwa brancai, kwa heshima ya mkurugenzi wa makumbusho, Wilhelm von Branca. Mwingine mdogo, mla majani, alipewa jina la maana ya "mjusi asiyekamatika", na la pili lettowvorbecki, kumsifu jemadari yule aliyewakwepa Waingereza katika nchi yetu toka mwaka 1914 hadi 1918. Aliwakwepa kwa miguu ya wapagazi, ambao kwa pande zote mbili walikufa kwa maelfu. Kariakoo ya Dar es Salaam bado inabeba jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Kwa hiyo mfadhili alipata mjusi, mkurugenzi alipata mjusi, jemadari alipata mjusi.

Mwaka 2007 mtaalamu Mjerumani, Kristian Remes, alichunguza upya pingili mbili za shingo kutoka Tendaguru zilizokuwa zimehesabiwa kuwa za aina nyingine. Akaona ni za aina isiyojulikana, ya jamii ya wale wenye shingo ndefu, akaiita Australodocus bohetii. Ni Boheti bin Amrani, msimamizi wa vibarua, karibu miaka 100 baada ya kazi yake. Remes alimweka mnyama huyo katika ukoo wa diplodosidi. Haikupita miaka mingi wengine wakazitazama pingili zile zile, wakamwondoa humo wakampeleka kwenye tawi jingine, upande wa yule jitu mrefu.

Kanuni za majina ya viumbe ni ngumu lakini katika hili zina huruma. Mnyama anaweza kuhamishwa ukoo mara ngapi itakavyobidi, na hata jina lake la kwanza laweza kubadilika, kama yule jitu ambaye zamani aliitwa Brachiosaurus na sasa wengi humwita Giraffatitan. Jina la pili humfuata kila anakokwenda. Brancai ni brancai hadi leo. Mjusi mwepesi, baada ya kutoka kwenye kapu, kwa waigaji wa mbuni, hadi noasauridi, bado ni bambergi. Na bohetii, ambaye amekwisha hamishwa mara moja, alihama na jina lake.